Mjomba anataka nimfukuze fundi wa usiku

Mshauri, salaam.

Nina miaka 34 na ni meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha mikate cha mjomba wangu, hapa Morogoro. Mjomba alikianzisha mwaka 2009 nyuma ya nyumba yake, akiwa na oveni moja ya mkaa na watu sita. Leo tuko 41, tuna oveni mbili za toroli (rafu ya trei yenye magurudumu inayosukumwa nzima hadi ndani) na Kirikuu nne zinazosambaza mikate mjini na wilaya za jirani. Baba yangu alipofariki, mjomba ndiye aliyenisomesha. Nalitanguliza hili ili uelewe kwa nini jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Kwenye karatasi nasimamia watu 22. Kwa vitendo, kila mtu ana bosi wake. Mkaza mjomba anashika ufunguo wa stoo, na saa mbili usiku anakwenda kulala nao. Binamu yangu ndiye mkuu wa mauzo, analipwa kamisheni kwa kila mkate unaotoka getini, na anaongeza oda hata saa nne usiku kwa ujumbe wa simu. Wapakiaji wakiwa na shida wanampigia mjomba moja kwa moja. Mimi hupata habari asubuhi, mara nyingi kwa kufokewa.

Tunaoka mifuko 24 ya unga wa kilo 50 kwa usiku, na mfuko mmoja ni toroli moja la mikate 180 ya gramu 400. Mjomba ana kanuni moja tangu zamani: mkate ukiharibika, timu iliyokuwa zamu inaulipa kwa bei ya jumla, shilingi 1,100. Mwezi uliopita makato yalifika milioni 1.1 hivi. Ripoti inasema tunaharibu mikate 40 kwa usiku. Lakini mifuko 24 ingetupa mikate 4,320, na inayotoka pamoja na iliyoripotiwa haizidi 4,150. Mikate 170 haijulikani iko wapi. Halafu maduka yanarudisha mikate 380 kwa siku, mingi ikiwa na ukungu siku ya tatu.

Wiki mbili zilizopita mjomba alikuta viroba viwili vya mikate iliyoungua nyuma ya kibanda cha jenereta. Kumbe zamu ya usiku walikuwa wanampa mfugaji wa nguruwe. Mjomba amesema msimamizi wa usiku aondoke kabla ya mwisho wa mwezi, na barua niandike mimi. Huyo msimamizi ana miaka 51, yuko nasi mwaka wa nane, na ndiye aliyenifundisha kukivuta kinyunya mpaka kiwe kama utando ndipo nijue kimekandika. Sote tunamwita Fundi.

Mshauri, oveni ya pili inaonyesha nyuzi 210 lakini inaunguza. Niliomba kipimajoto chake kibadilishwe, mara mbili, kwa mdomo. Na zile ripoti za mikate 40 nilikuwa nazisaini mimi, nikijua si kweli. Jumatatu kwenye kikao mjomba akiuliza "kuna tatizo?" wote tunasema hakuna. Utamaduni wa kwetu ni woga, na woga unatoka kwake.

Kuna kampuni ya vinywaji Dar es Salaam imenipa nafasi, na inataka jibu ndani ya wiki tatu. Nimfukuze Fundi, nigombane na mjomba aliyenilea, au niende zangu?

Meneja wa Jina Tu, Morogoro


Mpendwa Meneja,

Pole kwa usiku mwingi wa kukosa usingizi. Nikikusoma vizuri, una mambo matatu yaliyofungana fundo moja: barua ya Fundi, saini zako kwenye ripoti, na ile nafasi ya Dar es Salaam. Yote umeyaning'iniza kwenye kigingi kimoja, ukali wa mjomba. Naomba tukitikise kigingi hicho kwanza tuone kama ndicho kinachobeba mzigo.

Mtoe mjomba kichwani kwa dakika tano. Weka mahali pake mwajiri mpole, asiyepaza sauti kamwe, ila mwachie kanuni ileile ya makato. Toroli likiungua trei nne za juu, hiyo ni mikate 48. Kwa 1,100 ni shilingi 52,800. Tuseme timu ya oveni ni watu sita: kila mmoja anakatwa 8,800. Kama analipwa 10,000 kwa usiku, amefanya kazi mpaka asubuhi kwa 1,200. Mpole au mkali, chini ya kanuni hiyo viroba vitaelekea kwenye kibanda cha jenereta. Ukali wa mjomba unaongeza chumvi, sikatai, lakini watu wako wamejifunza kuficha kutokana na hesabu ya mfukoni. Utamaduni wa kazini hujengwa hivyo: kwa kinachomgharimu mtu akisema ukweli na kinachompata akinyamaza, kila zamu, kwa miaka.

Sasa tufuate ukungu, maana hapo ndipo hasara kubwa iliko na barua yako imeupita haraka. Mkate wa gramu 400 unahitaji kama saa mbili za kupoa kabla ya kuingia mfukoni, na kwa joto la Morogoro usipunguze hata dakika. Ukifungwa ungali na joto moyoni, mvuke unageuka matone ndani ya nailoni, na ukungu unapata maji ya kunywa. Angalia ratiba. Oveni mbili, kila moja matoroli 12, dakika 40 kila toroli pamoja na kupakia na kutoa: saa nane kamili. Mkianza kuoka saa 1:30 usiku, la mwisho linatoka saa 9:30, linapoa hadi 11:30, linapakiwa nusu saa, Kirikuu zinaondoka saa 12. Hakuna nafasi ya kupumua. Binamu akiongeza mifuko minne saa nne usiku, kila oveni inapata matoroli mawili zaidi, yaani dakika 80. Toroli la mwisho linatoka 10:50. Ukitoa nusu saa ya kupakia, limebakiwa na dakika 40 za kupoa. Mkate huo utaonekana mzuri getini na utarudi una ukungu.

Na ili oda ya ziada iwahi, nani atashangaa zamu ikiongeza hamira? Kinyunya kinaumuka upesi, mkate unakuwa na matundu makubwa, unakauka na kunuka hamira. Dawa ya kuzuia ukungu nayo, ikiwa ile ya mifuko minne ya nyongeza imefungiwa stoo na ufunguo uko chini ya mto wa mkaza mjomba, inawekwa kidogo au haiwekwi kabisa.

Katika mlolongo huo mzima, Fundi hana alichoamua. Aliyeongeza oda ni binamu, na analipwa kwa mkate uliotoka, urudi usirudi. Anayeshika dawa amelala. Anayekatwa ni mtu wa oveni. Anayeulizwa asubuhi ni wewe. Ukichora mchoro wa nani anaamua na nani analipa gharama ya uamuzi huo, utaona mistari miwili isiyokutana popote. Hilo ni tatizo la muundo, nalo halitaondoka na mtu mmoja kwenye barua ya kufukuzwa.

Kuna mfano ambao watu wa viwanda huurudia sana, na kwako una uzito. Kiwanda cha magari cha General Motors kule Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migogoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa waliorudishwa kazini walikuwa wafanyakazi walewale, chini ya chama kilekile. Utoro ulipungua sana na ubora ukapanda. Kilichobadilika ni mpangilio: timu ndogo zenye viongozi wake, na kamba juu ya mstari wa kazi ambayo mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja kusaidia, na ikishindikana mstari unasimama. Lakini wengi huichukua kamba wakaacha kilichoizunguka. Kamba ilifanya kazi kwa sababu aliyeivuta alikuta msaada, si makato. General Motors yenyewe ilichukua miaka mingi kuyaingiza mafunzo hayo kwenye viwanda vyake vingine, ingawa ilikuwa mbia na iliona kila kitu kwa macho yake. Basi usijihukumu kwamba miezi michache imekushinda.

Jambo jingine la kuuliza upya ni ile mikate 170. Umeiweka karibu na viroba vya Fundi, na msomaji anajikuta amekwisha kuamua kwamba inafichwa. Pengine. Viroba viwili vinaweza kubeba mikate kadhaa, na vinaweza kuwa vya usiku mmoja au wa wiki nzima. Lakini pima kwanza. Donge la mkate wa gramu 400 linakatwa kwenye gramu 450 hivi, kwa kuwa oveni inakula uzito. Kikataji chenu kikikata gramu 470, mifuko 24 itatoa mikate kama 4,136 badala ya 4,320, na hakuna hata mmoja aliyeibwa wala kufichwa. Chukua madonge 20 bila kuchagua, usiku tatu tofauti, uyapime moja moja na kuandika. Kazi ya dakika kumi, na huenda ikamwondolea mtu tuhuma kubwa.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Ukimfukuza Fundi, utapata utulivu wa wiki chache na utabaki na mjomba kwa amani. Hilo si dogo. Lakini msimamizi mpya atakuta oveni ileile, oda za saa nne usiku zilezile na makato yaleyale, na somo la kwanza atakalopokea kutoka kwa zamu ni kwamba mwenzake aliondolewa kwa sababu viroba vilionekana. Atatafuta mahali bora pa kuviweka. Pia kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi, tuhuma kwa lugha anayoielewa, muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na kikao cha kumsikiliza. Barua iliyoandikwa kabla ya kusikilizwa inaweza kuwafikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko Fundi ataulizwa kuhusu kipimajoto, nawe utaulizwa kuhusu saini.

Makato nayo yamo katika sheria hiyo. Kwa hasara au uharibifu, mwajiri anatakiwa aonyeshe kosa la mfanyakazi husika, aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, ampe nafasi ya kupinga, mfanyakazi akubali kwa maandishi, na jumla isizidi robo ya ujira. Kukata timu nzima kwa sababu oveni imeunguza kuna shida kubwa hapo. Lijue hili, lakini kwa mtu aliyekulea usilitangulize. Akisikia sheria kabla ya hesabu atadhani umekuja na wakili.

Njia ya pili ni kuongea naye. Umeiita "kugombana", na neno hilo nalo linastahili kutazamwa. Mjomba kwenye kikao, mbele ya mkewe na mwanawe, ni mkurugenzi anayelinda heshima. Mjomba Jumapili jioni nyumbani, ukiwa umemwamkia na kukaa chini, ni mtu mwingine. Ningeanza na saini zako. Mwambie ulisaini ripoti usizoziamini, na kwa nini. Ni gumu, na anaweza kukasirika kweli. Lakini akilisikia kwa mwingine baada ya wewe kumlaumu kwa woga uliotanda kiwandani, hutakuwa na neno la pili. Kisha weka karatasi moja mezani. Makato ya mwezi: milioni 1.1. Marejesho: mikate 380 mara 1,100 ni shilingi 418,000 kwa siku, na kwa siku 26 ni karibu milioni 10.9. Aone mwenyewe ni tundu lipi linalovuja zaidi. Mzee aliyetoka kwenye oveni ya mkaa anajua hesabu.

Usimwombe abadilishe kiwanda. Omba siku 14. Katika siku hizo makato yasimame, na mkate ulioharibika uwekwe kwenye meza moja mbele ya wote, pamoja na kipande cha karatasi: saa ngapi, oveni ipi, imekuwaje. Oda ifungwe saa 12 jioni. Nyongeza baada ya hapo ipite tu kama msimamizi wa zamu amekubali kwamba muda wa kupoa upo. Kipimajoto cha kujitegemea kiwekwe ndani ya oveni ya pili. Na stoo itoe mahitaji ya usiku mzima saa 11 jioni, kwa kupimwa. Kama mnatumia hamira ya chenga kwa asilimia moja ya unga, hiyo ni gramu 500 kwa mfuko, kilo 12 kwa mifuko 24. Dawa ya ukungu, kwa asilimia 0.3, ni gramu 150 kwa mfuko, kilo 3.6. Liwepo na sanduku la akiba la mifuko miwili, lililofungwa kwa lakiri, atakayelifungua asaini. Hivyo mkaza mjomba anabaki na ufunguo wake na heshima yake, ila hakuna anayelazimika kumwamsha. Mwendee yeye kabla ya mjomba, ukimwomba ushauri wa namna ya kupanga. Nakusihi usiruke hatua hiyo.

Hapa kuna hatari ambayo huua majaribio mengi ya namna hii. Wiki ya kwanza idadi ya mikate iliyoharibika itapanda kwenye ripoti, huenda kutoka 40 hadi 100 au zaidi, kwa kuwa iliyokuwa inafichwa sasa inaonekana. Mjomba asipoandaliwa atasema umelegeza kamba. Mwambie mapema, na mwombe ahadi moja tu: asimfokee mtu yeyote mbele ya ile meza. Akifoka mara moja, viroba vinarudi. Kipimo cha kutazama ni marejesho ya maduka, nayo hayawezi kushuka kabla ya siku ya nne au ya tano kwa sababu mikate ya zamani bado iko rafuni.

Hatari nyingine ni kwamba kuna watakaozembea kweli makato yakisimama. Ndiyo maana kosa, uzembe na kuficha vitenganishwe kwa maandishi. Oveni imeunguza kwa hitilafu: hakuna adhabu. Mtu amelala toroli likiwa ndani: onyo. Mtu ameficha wakati hakuna makato: hapo kuna nidhamu kamili. Fundi naye alificha, na hilo analo la kujibu. Kumtetea kusikufanye useme hakufanya. Lakini umemuuliza? Barua yako haina hata sentensi moja ya maneno yake.

Kamisheni ya binamu iache mpaka siku 14 ziishe. Ilipwe kwa mkate uliouzwa baada ya kutoa marejesho, badala ya uliotoka getini, naye atakuwa wa kwanza kukataa oda za usiku. Ukiigusa leo, utakuwa umefungua vita mbili kwa siku moja.

Njia ya tatu ni kwenda Dar es Salaam, nayo ni halali. Deni la malezi halilipwi kwa kubaki mahali unapoharibika. Ila usidhani kampuni kubwa haina viroba nyuma ya jenereta. Kabla ya kutoa jibu, omba kutembezwa kiwandani, na umuulize mtu wa mashine, wala si wa ofisini: hapa nani anaruhusiwa kusimamisha laini? Mara ya mwisho iliposimamishwa ilikuwaje kwa aliyeisimamisha? Uliza pia utaripoti kwa watu wangapi. Ukijibiwa "inategemea", omba mfano. Na ukiamua kuondoka, jiulize kama utaondoka kabla au baada ya kusema kuhusu zile saini, kwa sababu Fundi atabaki kati ya ripoti yako na hasira ya mjomba.

Nafasi ya Dar ina wiki tatu, jaribio lina siku 14. Vinaweza kuingiana ukianza Jumapili hii, na mjomba akikataa hata kusikiliza, hilo nalo utakuwa umelijua kabla ya kutoa jibu. Ni ipi kati ya hizi utaibeba, wewe ndiye unayemjua mjomba na unayejijua.

Kwa sasa, nunua kipimajoto cha ndani ya oveni. Kiweke trei ya juu na ya chini, oveni zote mbili, uandike nyuzi kila nusu saa kwa usiku mmoja, Fundi akiwa pembeni yako. Mtapata muda mrefu wa kuzungumza.